Mstari wa Marehemu Sylvain

Katika pirogi ya moteri, mtumbwi uvushao watu kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, Pélagie alikumbatia beseni lake la pondu, majani ya muhogo, na kutega sikio. Mbele yake vijana wawili, watengenezaji wa programu ya kompyuta ya hospitali, walikuwa wakibishana juu ya mstari ulioachwa na Sylvain, mwenzao aliyefariki.

"Sylvain aliandika pembeni ya mustari ile ya programu: 'Musiguse.' Sababu, hakuna!" alisema Laurette. "Maelezo gani hiyo? Mi nitafuta hiyo mustari."

"Futa, utaona," alijibu Bavon. "Yeye alijua."

"Bon, alijua. Lakini alikufa na sababu yake. Maelezo tunaandikia mutu mwenye hakukuwako."

Pélagie hakujua programu ni mnyama gani, ila marehemu mumewe naye aliamuru bila kueleza. Mpaka leo nyumbani hakuna anayethubutu kukata mpapai wake, na haujawahi kuzaa.

Katikati ya mto, penye maji matulivu kabisa, nahodha alipinda akazunguka mbali.

"Tonton, unazunguka nini?" aliuliza Laurette. "Hapa maji iko muzuri."

"Sijui. Baba yangu alikuwaka anazunguka hapa."

Bavon alitabasamu. "Alors, mwambie apite katikati."

Laurette aliyatazama yale maji. Kisha akashika ukingo wa pirogi kwa mikono miwili mpaka ilipogusa mchanga.