Mama Pélagie na Tarehe Tisa Agosti

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu na redio. Anayepika apunguze moto, sufuria haitakimbia. Leo tunamkumbuka Pélagie Nabintu, Mama Pélagie wa Kisugu, aliyefariki dunia Alhamisi iliyopita akiwa na miaka sitini na mmoja. Alizaliwa Bukavu, Kongo. Alifia hapa kwetu Kampala. Wengi wenu mmenunua vitenge vyake, maana alivitembeza begani kutoka Kisugu mpaka Nateete, na ukimwambia bei yake ni kali alikuambia uso wako ndio mkali, kitenge hakina kosa.

Mama huyu alipenda mambo madogo. Alipenda chai yenye tangawizi ya kuwasha koo. Alipenda karanga za kukaanga. Alipenda sinema kuliko vyote, tutafika huko. Na alipenda sana siku za kuzaliwa za watu wengine.

Nimesema za watu wengine. Mnajua desturi yetu hapa mjini. Siku yako ikifika, unamwagiwa maji. Usipomwagiwa, ujue watu hawakujali. Basi Mama Pélagie ndiye aliyekuwa jemadari wa maji pale uani. Anakuwinda tangu asubuhi. Unatoka na shati la kazini, umejipaka mafuta, unamwona amekaa mlangoni anachambua sombe, majani yake ya muhogo, hana habari na mtu. Unapita. Beseni zima linakushukia mgongoni. Jirani yake Kaltumi, Mnubi aliyeishi naye ukuta kwa ukuta, anasema mwaka mmoja alijaribu kupitia dirishani. Mama Pélagie alikuwa amemngoja chini ya dirisha.

Lakini yeye mwenyewe hakuwa na siku. Ukimwuliza alizaliwa lini, jibu lilikuwa moja. "Miye nilizaliwa wakati wa mihogo. Mihogo haina tarehe." Watu wanacheka, mambo yanaishia hapo.

Wasikilizaji wapendwa, siku alikuwa nayo. Ni tarehe tisa Agosti. Mwaka wa vita, mwaka 1998, tarehe hiyo hiyo, mumewe Zéphyrin alitoka nyumbani kule Bukavu kwenda kununua kreti ya Fanta. Alitaka mkewe asherehekee, vita au si vita. Risasi zilianza kabla hajarudi. Pélagie alimngoja mpaka majirani walipomvuta mkono, akakimbia na binti yao Princesse, mtoto wa miaka minane. Zéphyrin hakuonekana tena. Hakuna aliyeona maiti, hakuna aliyeona kaburi. Kwa hiyo Pélagie akaamua mumewe yu hai, na siku ile akaifunga kabisa. Aliona kwamba akiisherehekea bila yeye, atakuwa amekubali kwamba harudi. Hakumweleza mtu, hata binti yake.

Sasa tuje kwenye sinema. Pale Kisugu palikuwa na kibanda cha video cha Abudu, naye ni Mnubi, kijana wa maneno mengi kuliko hewa ya mapafuni. Vijana wa leo mna simu, hamjui raha ile. Kibanda cha mabati, mabenchi, televisheni moja, na Abudu pembeni na kipaza sauti chake. Sinema ni ya Kichina au ya Kihindi. Yeye anapunguza sauti ya watu wa ndani na kuweka ya kwake. Siku za wiki alitafsiri kwa Kiganda. Jumapili baada ya misa alitafsiri kwa Kiswahili, kwa ajili ya Wakongo na Wanubi wenzake, na benchi la mbele lilikuwa la Mama Pélagie na karanga zake.

Mama huyu alizungumza na televisheni. Alimwonya shujaa kuwa adui yuko nyuma ya mlango. Alimwuliza tajiri mbaya kama mama yake anajua anayoyafanya. Watu walilipa kiingilio kumsikiliza yeye kama walivyolipa kumsikiliza Abudu. Ila akifa mtu mwema kwenye sinema, Mama Pélagie aliinuka, akakung'uta maganda ya karanga, akatoka. Na nusu ya wateja walitoka naye.

Abudu akafikiri. Biashara ni biashara. Jumapili iliyofuata shujaa alipigwa risasi tatu za kifua, akaanguka. Abudu akashika kipaza sauti. "Mama, tulia. Hii mtu hapana kufa. Yeye nakwenda Nairobi, daktari kubwa naangalia yeye." Mama Pélagie akakaa. Ikaonekana familia ya shujaa inalia kaburini. Kijana mmoja nyuma akalalamika kuwa jamani wanamzika. "Ile sanduku iko tupu," Abudu akajibu, "nadanganya adui."

Msicheke sana. Miaka mingi ilipita hivyo. Kwenye kibanda kile, Jumapili, hakuna mtu mwema aliyekufa. Abudu anasema alidhani mama anaogopa damu tu.

Halafu ikaja Agosti ya mwaka 2009. Blaise, mdogo wake Pélagie, alifika kutoka Bukavu kutembea. Mezani Princesse, sasa msichana wa miaka kumi na tisa, akamwuliza mjomba wake: kwani mama alizaliwa lini? Blaise akamwambia bila wasiwasi wowote, ni Jumapili hii inayokuja. Naye hakujua habari ya Fanta. Princesse alikosa usingizi kwa furaha. Mama amewalowesha watu wote wa uani miaka yote hii, sasa ni zamu yake.

Jumapili ilipofika, Mama Pélagie alirudi kutoka misa na kitenge chake kizuri. Kaltumi alikuwa nyuma ya mlango na beseni. Princesse alikuwa na jerikani nzima. Maji yakamwagika, watu wakapiga vigelegele. Mama Pélagie hakukimbia. Hakupiga kelele. Alisimama pale anatiririka, akauliza polepole, "Ni nani alibaambia?"

Kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Vigelegele vikakatika. Princesse alikaa chini kwenye matope ya maji yake mwenyewe, akaomba msamaha wa kosa asilolijua. Muda ukapita. Ndipo mama yake akazungumza kutoka ndani, mlango bado umefungwa. Akamweleza habari ya kreti ya Fanta. Akamweleza yote. Princesse anasema, "Nililia kwa sababu ya baba, na nililia zaidi kwa sababu mama alikuwa amebeba kitu kile peke yake, na mimi nalala kitanda kimoja naye."

Mlango ukafunguliwa. Mama Pélagie alikuwa bado na nguo zile zile zilizolowa. Akasema anakwenda sinema. Princesse akamfuata nyuma.

Sinema ya siku hiyo ilikuwa ya Kihindi. Bwana mmoja anamuaga mkewe asubuhi, anapanda baiskeli, anapigwa risasi njiani. Mke amekaa kizingitini anangoja. Abudu akashika kipaza sauti, tayari kumpeleka bwana yule Nairobi. Mama Pélagie akainuka.

"Abudu, mwanangu. Leo usinihurumie. Huyu bwana alikufa ao hakufa?"

Abudu anasema alitazama nguo zile zinazodondosha maji, akamtazama Princesse mlangoni, na ulimi wake ukawa mzito kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Akaweka kipaza sauti chini.

"Amekufa, mama."

"Alikufa siku gani?"

"Ile siku alitoka kwa nyumba."

Mama Pélagie akaitikia kwa kichwa, akakaa. Alitazama mpaka mwisho, hakusema neno na televisheni. Benchi zima halikuinuka.

Wiki ile ile aliwaita Wakongo wenzake wa parokia, akaweka matanga ya Zéphyrin, miaka kumi na mmoja baadaye. Waliimba, walikula, waliombea roho yake. Kaltumi na wanawake wa Kinubi walipika chakula cha waombolezaji. Blaise aliongea habari za shemeji yake mpaka watu wakacheka, na Mama Pélagie akacheka nao.

Agosti iliyofuata hawakuhitaji kumwinda. Alitoka mwenyewe uani asubuhi, amevaa nguo ya zamani, akasimama katikati. Kabla hawajamwaga, alimshika Princesse mkono. "Baba yako alinizidi miaka mitatu," akasema. "Niliogopa kumupita. Yeye abaki kijana, miye niwe bibi? Sasa, mwanangu, acha nizeeke."

Na alizeeka, wasikilizaji wapendwa. Alizeeka vizuri. Alipata wajukuu, alipata keki za rangi zisizoeleweka, alipata maji kila Agosti. Kibanda cha Abudu kilipofungwa kwa sababu ya simu zenu hizo, Abudu alikwenda kumtafsiria nyumbani kwake, na waliokufa kwenye sinema walikufa.

Kwa Princesse na watoto wake, kwa mzee Blaise, kwa Kaltumi, kwa Abudu, na kwa parokia nzima ya Wakongo, tunasema poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Mungu amlaze mahali pema.

Nanyi mnaotusikiliza, wako wengi kati yenu wenye siku waliyoifunga kwa ajili ya mtu asiyerudi. Hatuwezi kuwafungulia kutoka hapa studio. Ila mtazameni mtoto mnayelala naye chumba kimoja, mjiulize anajua nini.

Princesse ametuambia kuwa tarehe tisa Agosti ijayo atapika bugali na sombe, na atawaita watu wa uani wote. Ni siku aliyozaliwa mama yake, na ni siku aliyokufa baba yake. Anasema sasa anaweza kutaja yote mawili kwa pumzi moja.