Gari Lililonusa Televisheni

Jumanne ile kulikuwa na kijua cha Barnsley, kaskazini mwa Uingereza, cha kuvua koti na kulivaa tena, kwa hiyo kijiwe kilikaa nje ya duka la kufulia nguo, chupa ya chai katikati ya benchi. Trevor, ambaye mtaa mzima unamwita Antena kwa kuwa ndiye aliyezifunga kwenye paa zote za wachimba makaa, alikuja na gazeti. Serikali inafikiria kuacha kuwashtaki kama wahalifu watu wasiolipia leseni ya televisheni, ile ada ya kila mwaka ya kuruhusiwa kutazama. Watatozwa faini tu, kama aliyeegesha gari vibaya. Habari hiyo alikuwa ameisoma mara nne. Marehemu mkewe, Sheila, alihukumiwa kwa kosa hilo mwaka themanini na sita, na tangu hapo hakuthubutu kuomba kazi ya jikoni shuleni, maana fomu iliuliza kama umewahi kutiwa hatiani.

— Hebu niambieni, alisema Antena. Waliokwisha hukumiwa, majina yao yatafutwa?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alijibu Cliff, aitwaye Jaji kwa sababu aliwahi kukaa siku tatu mahakamani kama mzee wa baraza. Maana yake, sheria haiangalii nyuma.

— Maana yake si hiyo hata kidogo! alidakia Brenda, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki. Lakini mnalikumbuka lile gari la wakaguzi wa leseni? Likikata kona ya kanisa tu, watoto wanapiga mayowe, mtaa mzima unazima!

— Sisi tuliifunika televisheni blanketi, alisema Jaji. Baba akaivika na kofia.

— Ninyi wajinga, alisema Redio. Mimi nilikuwa na leseni ya nyeusi na nyeupe, ile ya bei nafuu, lakini televisheni ya rangi. Mkaguzi akibisha, nazungusha kitufe, rangi kwisha! Siku moja namkaribisha chai, snuka inaendelea, ule mchezo wa kugonga mipira ya rangi mezani, nikaropoka, “Huyu ataukosa ule mpira wa waridi!”

— Akasemaje?

— “Hata mimi naona hivyo, mama.” Akatoa kalamu.

Walicheka hadi benchi likalia. Antena naye alicheka; aliupenda mtaa ule kuliko alivyowahi kuuambia.

— Lile gari lilikuwa tupu, alisema Jaji. Watu wawili na mkate wa nyama.

— Tupu wapi! alisema Redio. Lilinusa. Ukiwasha tu, linajua unatazama nini.

— Basi jasusi alikuwa muuza maziwa, alisema Jaji. Chupa tatu mlangoni? Hao wanakesha na televisheni. Haba na haba hujaza kibaba!

— Sisi siku lilipofika kwetu tulijificha nyuma ya kochi, alisema Antena, akifuta machozi ya kicheko. Mimi, watoto wawili, na mbwa nimemfunga mdomo kwa soksi!

Halina, Mpolandi aliyehamia mtaani mwezi ule, alikuwa amesimama pale akisubiri mablanketi yake yakauke.

— Samahani, baba, aliuliza. Kama nyote mlijificha, mlango alifungua nani?

Redio alitazama kikombe chake. Jaji alitafuta methali, akaikosa.

Antena alikunja gazeti. Alimwona tena Sheila wa siku ile, mikono ina unga, akimtazama kule chini nyuma ya kochi. Aibu ile aliijua. Alikuwa ameishi nayo miaka yote.

— Mke wangu. Mimi nilimtuma, alisema. Nilimwambia, nenda wewe, mwanamke hawamfanyi kitu.

Redio alimmiminia chai iliyobaki, yote.