Droni Juu ya Bafu la Mzee Rajabu

Jumamosi hiyo alasiri Ruthu alifika kwenye kijiwe cha kahawa cha Chang'ombe na povu sikioni, kanga imekaa upande. Alikuwa ameacha kuoga katikati. Bafu la uani kwa Mzee Rajabu, alikopanga, lina kuta nne nzuri na juu mbingu tupu, na miaka yote waliochungulia humo ni kunguru tu. Leo ilikuja droni. Ilisimama hewani ikivuma kama nyuki aliyepoteza mzinga, ikamtazama, naye akajifunika beseni. Mwenye nyumba mwenyewe alikuwa benchini, kikombe mkononi, kwa hiyo Ruthu hakuzunguka.

— Shikamoo mzee. Nimechunguliwa nikioga. Naomba tuongee kuhusu lile bafu.

— Marahaba mwanangu. Hili si suala la bafu, alisema Mzee Rajabu, kwa wepesi ambao Ruthu hakuupenda. Hili ni suala la usalama wa taifa.

Elisha, fundi simu ambaye kijiwe kizima kinamwita Satelaiti, akamsogezea Ruthu nafasi.

— Dada, droni siku hizi bei ya mbuzi. Mtu ananunua leo, kesho anajua mpaka unapoficha ufunguo. Kibali hana, jina lake halijulikani. Ikikuangukia kichwani utamshtaki nani?

— Hapo umesema kweli. Ndiyo maana nasema bafu...

— Subiri! Mzee Rajabu akainua kidole. Leo wameifungia kamera. Kesho je, wakiifungia bomu?

— Mzee, ni ya wapiga picha wa harusi ya jirani. Imesukumwa na upepo.

— Ndivyo wanavyotaka uamini, akadakia Satelaiti.

Gerson, mgambo mstaafu aliyebaki na jina la Afande, akameza kahawa yake.

— Mimi nimesikia huko Mpwapwa zitachunga ng'ombe. Sasa wachungaji watafanya nini? Watahamia mjini. Wakihamia mjini, kodi za vyumba zinapanda.

— Hiyo ndiyo akili! alisema Mzee Rajabu, uso umechangamka.

— Halafu yanakuja maroboti, Satelaiti akaendelea. Yatapika, yatafua, yataoga.

— Roboti ioge ya nini?

— Kutuzoesha, Afande. Siku moja unaamka, bafuni unakuta foleni ya vyuma.

Ruthu akacheka, hakuweza kujizuia. Ndiyo taabu ya benchi lile, ukilikalia unasahau ulikuja na hasira. Lakini sabuni ilikuwa inamwasha shingoni.

— Mzee, bati tatu tu.

— Bati! Droni za kisasa zinaona kupita bati. Tutakuwa tumepoteza bati bure.

— Basi hata kupita nguo zinaona. Mbona wewe umevaa?

Benchi likaangua kicheko, hata muuza kahawa akamwaga kidogo. Mzee Rajabu alikuwa anainua tena kidole alipotokea binti mwenye begi mgongoni.

— Shikamooni. Namtafuta Mzee Rajabu. Nimeambiwa ana chumba cha kupangisha.

— Ndiye mimi, karibu mwanangu! Chumba kikubwa, luku ya umeme ya peke yako, maji yapo, majirani wastaarabu.

— Asante. Na bafu lina paa?

Afande akakohoa. Satelaiti akaanza kuchunguza kashata yake kama simu iliyoingia maji. Ruthu alimkazia macho mwenye nyumba wake, akangoja, kwa raha zake. Mzee Rajabu akatazama juu, wenzake nao wakatazama juu, ingawa angani hapakuwa na kitu.