Chupa Mbili za Baba Pontien

Tarehe 31 Julai 2023, muuguzi Pontien Ngendakumana anastaafu baada ya miaka 31 katika hospitali yetu ya Uvira, 14 kati yake katika chumba cha kamera ya tumbo. Amesimama kando ya wagonjwa 2816 wakimeza kamera. Waliomtapikia hakuwahesabu; sisi tuliofua makoti tunakadiria 400.

Kazi yake ilikuwa kutia vipande vya nyama ya tumbo katika formoli, dawa ya kuvihifadhi visioze, na kuviandikia jina kwa penseli, maana wino hufutika. Kamati ya vifaa ilitaka chupa moja kwa kila mgonjwa. Yeye alijaza mbili: ya kwanza kipande cha uvimbe, ya pili kipande cha ukuta wa tumbo usio na uvimbe. Alipokea barua tatu za kukemewa. Alizitumia kufungia chupa zilizokuwa zinasafiri kwenda maabara ya Bukavu.

Mwaka 2018 alikuja Mama Generose, mkulima wa mpunga wa Luberizi, aliyetibiwa “gastrite”, tumbo kuwaka, miaka minne katika vituo vitatu. Kamera ilionyesha kijivimbe cha milimita saba. Bukavu wakajibu kuhusu chupa ya kwanza tu: uvimbe wa neuroendokrini, ule wa nadra unaoota kwenye chembe za homoni. Daktari mpasuaji akamwandika Alhamisi, kuondolewa tumbo.

Baba Pontien akakataa kumtayarisha kabla chupa ya pili haijasomwa. Uvimbe huo ukiota kwenye ukuta wenye afya ni hatari. Ukiota kwenye ukuta uliochakaa, hukua polepole, na mara nyingi hutolewa kwa kamera tu, kisha mgonjwa anafuatiliwa. Kwa macho aina hizo mbili zinafanana. Alipiga simu Bukavu mara sita. Jumatano saa tisa alasiri jibu likafika: ukuta umechakaa. Mama Generose akabaki na tumbo lake. Barua ya nne ya kamati, ya pongezi, bado tunaingoja.

Mwezi huu alirudi kwa kipimo chake cha tano. Ni safi. Akauliza: “Sasa Baba Pontien, mwaka wenye kuya ni nani ataniangalia?”

Baba Pontien akamwonyesha Ornella, muuguzi aliyefundishwa naye miezi minane. “Ni huyu. Iko mukali kunipita.”

Mama Generose akamtazama Ornella toka kichwani hadi viatuni, bila haraka. “Haya, weye. Andika date yangu.”

Tarehe yake imeandikwa: 9 Julai 2024. Uongozi tumeuomba mara mbili kwa maandishi umpe Ornella msaidizi.

Baba Pontien, asante. Tunakutakia siku ndefu huko Makobola, samaki wabichi, na tumbo lisilokusumbua.