Kesi Waliyoshinda Mara Kumi na Nne

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umeegemea ukuta wa chuo cha sheria, hatua ishirini kutoka getini. Mwisho wa ubao alikaa Soli, fundi viatu. Alikuwa amekaa hapo miaka kumi na tisa, mpaka ubao ukaingia bonde lenye ukubwa wake. Magoti yalishamgomea siku nyingi, kutembeza sanduku mitaani hawezi. Mteja amfuate hapo hapo, la sivyo basi tena. Pembeni yake alikuwa Rufaa, tarishi mstaafu wa mahakama, aliyepewa jina hilo kwa kuwa tangu azaliwe hajakubali neno la mtu likaisha hivi hivi. Kisha Mama Majoho, mshonaji wa majoho ya wanafunzi, na mbele yao Birika, muuza kahawa, ambaye hakai kamwe. Asubuhi hiyo hata salamu zilitoka kwa kujivuta. Barua ya chuo ilisema ubao unang'olewa kesho.

Mama Majoho alikuwa na kijitabu kipya cha chuo mapajani, karatasi zake zinang'aa.

— Nisome au niache? akauliza.

— Soma tu, akasema Soli. Tumeshazoea kuumia.

— "Mwaka wa Mafanikio." Haya. "Wanafunzi wetu wameibuka washindi wa kwanza katika mashindano ya kesi za kuigiza." Huyu hapa, yule binti wetu, na kombe. Joho nimelipunguza mimi mikono, tazameni lilivyomkaa!

— Na viatu, akasema Soli.

— Viatu havionekani, wamemkata magotini.

Soli akashusha pumzi. Kila mwaka, wiki tatu kabla ya mashindano, wanafunzi hutoka getini na makaratasi yao, wakasimama mbele ya ule ubao na kuanza: "Waheshimiwa majaji." Waheshimiwa ndio wao. Rufaa huwakatiza kwa maswali mpaka jasho liwatoke. Mama Majoho huwachapa vidole wakichezesha mikono. Soli husinzia makusudi, maana aliambiwa kuwa hata majaji wa kweli husinzia, na mwanafunzi lazima azoee. Yule binti alilia siku ya kwanza. Siku ya kumi alimwamsha Soli kwa hoja.

— Shukrani zimeandikwaje? akauliza Rufaa.

— "Tunawashukuru wahitimu wetu wa zamani waliojitolea kuwa majaji wa mazoezi." Majina sita.

— Sita! Alikuja mmoja tu, akaongea na simu mpaka akaondoka!

— Tena akaniachia kikombe kwenye boneti ya gari la watu, akasema Birika.

— Ngojeni, kuna mengine. "Kliniki yetu ya msaada wa kisheria imewahudumia bure wananchi mia tatu na kumi na wawili." Na hapa: "Wahitimu wamechangia Bustani ya Wahitimu, itakayokuwa na benchi la marumaru, nje ya ukuta."

Wote wakautazama ubao waliokalia.

— Yaani wanang'oa benchi waweke benchi, akasema Soli.

— Taratibu, Soli, akasema Rufaa, akijiweka sawa. Mambo ya kisheria haya. Unajua kwa nini wanafunzi wamekaa kimya? Ni mtihani. Sisi ndio swali la mwisho wa mwaka. "Fundi viatu anafukuzwa alipokaa miaka kumi na tisa, toa ushauri." Mia mbili wanatuandikia majibu humo ndani sasa hivi!

— Wewe nawe! akasema Mama Majoho. Binti atakuja tu. Anangoja siku ya mwisho, aingie na joho langu, awaumbue mbele za watu. Namjua, ana majivuno ya heri.

— Hamjaelewa nyote, akasema Birika. Hilo benchi ni letu. Wahitimu wote wamenywa kahawa yangu. Wanatushtukiza! Tutakuta majina yetu yamechongwa kwenye marumaru.

— Jina lako wanalijua? akauliza Soli.

Birika akafikiri. — Watachonga birika.

— Tena nikwambieni, Rufaa akapaza sauti, hii kesi imeshavuka chuo. Imekwenda nje. Majaji wa dunia wanaisoma. Ndiyo maana hakuna anayekuja kutusalimia, wanaogopa kuvuruga ushahidi!

Hakuna aliyecheka. Mwanzoni mwa juma la kwanza wangecheka mpaka kahawa imwagike. Tangu barua ije walikuwa wakikaa kama mahakama kila asubuhi. Rufaa anasoma shauri, Mama Majoho anatetea, Soli anaitwa shahidi, kisha hukumu: ubao ubaki. Soli aliziandika zote kwenye boksi la viatu, hukumu kumi na nne. Kila siku walishinda, na kila siku alirudi nyumbani amechoka kuliko jana.

— Leo tusikae, akasema. Nimechoka kushinda.

Hapo akatokea mama wa makamo na begi la vitabu, anachechemea, kiatu mkononi.

— Shikamooni. Kisigino kimeniachia hapo getini. Nimefanya uuguzi miaka thelathini, leo ndio mwezi wangu wa pili wa kusoma sheria, kiatu nacho kinanitoroka.

— Marahaba. Karibu mwanasheria, akasema Soli, akakipokea.

Mama yule akaketi, akaona barua juu ya sanduku. — Ya kwenu hii? Naweza kuisoma?

Akaisoma. Kisha akaigeuza. Soli hakujua kama barua ile ina maandishi nyuma.

— Huku wanasema mwenye pingamizi aliandike, alifikishe ofisini ndani ya siku kumi na nne. Ninyi mlipeleka lini?

Mama Majoho akaanza kuhesabu kwa vidole.

— Sisi... tuliamua, akasema Rufaa.

— Mliamua nini, mzee wangu?

— Ubao ubaki. Mara kumi na nne.

— Na karatasi yake nani aliipeleka ofisini?

Rufaa akatazama mikono yake. Miaka thelathini aliyabeba mapingamizi ya watu, ngazi hadi ngazi, mvua na jua, hakupoteza hata moja. Soli alitaka kumfokea, akaacha. Hiyo barua ilikaa siku zote chini ya sanduku lake mwenyewe.

— Leo ya kumi na tano, akasema Mama Majoho polepole, akifunga kijitabu.

— Lakini kliniki si hiyo hapo ndani? Bure kabisa. Hamkuingia? akauliza yule mama.

— Tulijua ipo, akasema Soli, na aibu ikamshika waziwazi, kwa umri wake wote. Tulidhani watatoka wao. Wanatujua.

— Hakuna namna sasa? akauliza Birika.

— Sijui, ndugu yangu. Kusema kweli sijui. Mimi bado niko kwenye somo la mikataba. Nitauliza humo ndani, ila leo mkuu wa kliniki yuko kwenye sherehe ya wahitimu.

Rufaa akasogeza kikombe. Birika akainamisha birika, likatoa matone mawili na mashapo. Akalitikisa, akaliweka chini, naye kwa mara ya kwanza akakaa.

Soli akapaka gundi kwenye kisigino, akakibana kwa kidole gumba kama alivyozoea.

— Hii gundi inataka ikae mpaka asubuhi, mama. Kiache, utakichukua kesho.

— Sawa, baba. Nikukute wapi?

Soli akainua kichwa. Akamtazama Rufaa, Rufaa akamtazama Mama Majoho, Mama Majoho akatazama geti.

Soli akafunika kopo la gundi. Akaingiza mkono sandukuni, akatoa nyundo na misumari, akaanza kukipigilia kile kiatu kiishe leo.