Surua Imeingia Masomo ya Mwadi

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umemeza gari-moshi lote pale stesheni ya Kamina. Tulisikia pumzi yake tu. Benchi letu liko nyuma, kwa Mama Umba muuza kahawa. Walikuwapo Machiniste, mzee aliyeendesha treni mpaka macho yakachoka, na Adjudant, askari wa Base, kambi ya jeshi, mwenye watoto wengi. Habari ilikuwa moja: surua imeingia masomo, yaani shuleni, na viti vya watoto vinabaki vitupu.

— Minyi nasema, surua iko inakuya na masamaki ya kule ziwani Kinkondja, akaanza Machiniste. Wagon inafunguka, harufu inatoka, batoto banavuta.

— Bongo, unadanganya! akasema Adjudant. Iko mu chaki. Mwalimu anafuta tablo, vumbi inaingia mu macho, njo macho inakuwa mwekundu.

— Na badogo benye habayaanza masomo? akauliza Machiniste.

Adjudant akaonyesha kidole juu.

— Basi ni ndege. Inapasua baridi ya kule juu, baridi inatuangukia.

— Baridi iko na madoadoa, weye? akacheka Machiniste.

Mama Umba akasema polepole, kama anajiongelesha:

— Minyi nilibaona batoto mu ndoto. Banacheza, kiisha mumoja anavalisha mwenzake nguo nyekundu.

Ndani ya ukungu akatokea mwanamke, mgeni, mke wa mfanyakazi wa reli aliyehamishiwa kwetu juzi. Alimshika mkono binti yake Mwadi, aliyevaa nguo za masomo, uso wake umevimba kidogo.

— Batoto yenu beko banasoma hapa?

— Bote, mama.

— Huyu anagonjwa mafigo. Dawa yake inapunguza nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa. Surua ikimukamata, inaweza kumuua. Na shindano ya surua, ile chanjo, docteur alikataza bamuchome, mwili yake haiwezi. Ba kwenu, balichomwa?

Hakuna aliyejua.

— Tutauliza bamama yabo, akasema Adjudant, sauti imeshuka.

— Nangojea, akasema yule mama. Akakaa kwenye benchi, mtoto mapajani.

Machiniste akainuka, akaacha kahawa yake ikiwa moto.

Mchana dispanseri ikajaa watoto wa kuchomwa shindano. Machiniste alileta wajukuu wake wote. Adjudant aliteremsha kutoka kamioni ya Base watoto wake na wa majirani, wengine wanaimba, wengine wanalia. Hata hivyo surua ilizunguka mpaka mvua zikaisha, na ikachukua mtoto mmoja wa kambi. Tulimzika bila maneno mengi. Wakati huo wote Mwadi alikaa nyumbani, akisikia kwa mbali wenzake wanavyorudia masomo kwa sauti.

Alianza masomo kabla ya likizo kubwa, surua ilipokwisha. Mwalimu aliwaambia watoto jina lake, na wasimzingire asije akaambukizwa. Wakabaki vitini, wakaita jina lake wote pamoja, Mwadi, Mwadi, na yeye akasimama mlangoni, macho ameyafumba, anasikiliza.