Mwalimu Séraphin Kashindi na Somo la Italia

Mwalimu Séraphin Kashindi alizaliwa Uvira tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani.

Alimaliza chuo cha ualimu Bukavu mwaka 1983. Kazi yake ya mwisho ya chuo ilihusu Italia baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wenzake walimcheka: Italia itatusaidia nini? Yeye alieleza kwamba askari walioahidiwa mashamba walirudi wakakuta njaa. Wakulima walipodai ardhi, matajiri waliwalipa askari wale wa zamani, waliovaa mashati meusi, wawapige kwa marungu. Polisi walitazama kando. Mwaka 1922 Mussolini, kiongozi wao, akakabidhiwa serikali na mfalme.

Tarehe 12 Julai 1986 alimwoa Anne Nabintu. Siku ya mahari alichelewa saa mbili, akisahihisha mitihani. Anne akamuuliza mbele ya wakwe, “Mwalimu, mimi umenipa ngapi?” Akajibu, “Bado nasahihisha.” Jibu hilo waliliona la kuchekesha maisha yao yote.

Alifundisha historia Uvira miaka kumi na tisa. Mwaka 2003, vita ilipotangazwa kwisha, mdogo wake Gires alitoka jeshini bila mshahara wala kazi. Tajiri mmoja mwenye mashamba aliwapa vijana kama yeye bia na fimbo, wawafukuze wakulima. Mwalimu alimkalisha mezani, akamweleza Italia yote.

“Gires, huyu hakupendi. Anakutumia kama walivyotumiwa wale.”

“Yaya,” akajibu, kama tunavyomwita kwetu kaka mkubwa, “hayo ni ya Wazungu. Mimi nataka kula.”

Tarehe 4 Novemba kikundi hicho kilichoma ghala la chama cha wakulima. Kwa kuwa Mwalimu aliwatetea wakulima hao, kikaingia shuleni na kumvunja mkono mbele ya wanafunzi wake. Gires alisimama mlangoni, akizuia watu wasitoke.

Gires ndiye mimi ninayewasomea wasifu huu wa marehemu. Nilitaka kuliruka hili. Mama Anne alisema, “Soma yote, shemeji, ama usisome.”

Mwalimu alifika London mwaka 2004, akaishi mtaa wa Edmonton. Vyeti vyake havikukubaliwa. Akawa anasafisha madarasa ya chuo kimoja. Siku moja alikuta imeandikwa ubaoni kwamba Mussolini alinyakua madaraka. Akaandika chini yake, kwa Kiingereza chake: “Hapana. Alipewa.” Msimamizi wake akampa barua ya onyo.

Mwaka 2011 tajiri yule alitugeuka, nami nikakimbilia London. Mwalimu alinipokea stesheni, akanipa chumba cha binti yake. Yaliyotokea shuleni siku ile hakuyataja hata mara moja, miaka yote hiyo. Ningependelea anipige.

Kansa ya ini ilionekana Januari 2025. Siku mbili kabla hajafa nilipiga magoti hospitalini.

“Yaya, nisamehe. Sikujua.”

“Nimekusamehe zamani. Lakini usiseme hukujua. Nilikueleza.”

Alifariki tarehe 21 Mei, saa nne asubuhi, Anne akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane wake Anne, binti yake Keren, wajukuu wawili wanaosikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, na mdogo mmoja.

Mungu ampe pumziko ambalo sisi wa damu yake tulimnyima.